Kundi la nyangumi likikwama ufukweni: kumsukuma majini aliye karibu ndiyo kosa la kwanza

#1 Kusi_Mtulivu (mtoa mada)
Wakuu salaam. Kila kundi la nyangumi au pomboo likikwama, video zinazosambaa ni zile zile: watu ishirini wamemzunguka mnyama mmoja, wawili wameng'ang'ania mkia, wanasukuma, anaingia majini, makofi. Baada ya muda mfupi karudi pale pale, na pengine kaja na wenzake waliokuwa bado wanaelea.

Hoja yangu ni hii. Kwa spishi zinazoishi kwa makundi, na nyangumi-rubani (pilot whales) ndio wanaoongoza kwa kukwama, usimwachie hata mmoja mpaka walio wengi wawe tayari kuondoka pamoja. Aliye majini peke yake anawasikia wenzake wakipiga miluzi nchi kavu, haendi popote. Saa za mwanzo ni za kuwaweka hai tu, kuwarudisha kunafuata baadaye. Nipingeni.

#2 Pweza_Mweusi
Napinga nusu. Umeandika kana kwamba kila aliyekwama ni nyangumi-rubani wa tani mbili. Pomboo wa kilo 100 hadi 200 watu sita hadi wanane wanambeba kwa machela. Kule Cape Cod, Marekani, hawawangojei wote: wanawapima, wanawapakia kwenye gari, wanawapeleka ufukwe mwingine wenye kina unaotazama bahari kuu, wanawaachia huko. Baadhi wamefungwa vifaa vya setilaiti na wameonekana wakisafiri vizuri wiki na miezi baada ya kuachiwa. Kuwasubirisha kwenye mchanga hadi wote wapone ni kuwaua polepole.

#3 Mgeni_Bara
Samahani wakuu, swali la mtu wa bara. Hawa si wanavuta hewa kama sisi? Sasa kukaa nje kunawauaje?

#4 Daktari_wa_Mifupa
Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloeleza kila hatua ya uokoaji.

Kwanza, uzito. Majini mwili unabebwa na maji. Mchangani kifua kinabeba tani zote, mapafu yanashindwa kupanuka vizuri, na misuli ya chini inakosa damu. Misuli ikifa inamwaga mayoglobini, protini ya misuli, kwenye damu, na hiyo inaziba figo. Ndiyo maana mnyama anaweza kuondoka anaogelea vizuri kabisa, akafa siku chache baadaye.

Pili, joto. Ana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, lililotengenezwa kuzuia joto lisitoke. Majini anapoza mwili kupitia mapezi na mkia, kwa sababu huko mafuta ni machache na mishipa iko karibu na ngozi. Akiwa juu ya mchanga anachemka hata siku ya mawingu. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 36 hadi 37. Likipita 40 hali ni mbaya.

Tatu, ngozi inakauka na kuungua, inatoka malengelenge.

Nne ndiyo watu wanaisahau: maji yanaporudi. Mnyama aliyelala ubavu saa kadhaa ana ganzi upande mmoja na hana mizani. Maji yakifika kwenye tundu la pumzi kabla hajaweza kujiinua, anazama. Wengi hawafi kwa ukavu, wanafia kwenye maji ya kina cha goti.

#5 Bi_Mwambao
Naongezea kwa vitendo alichosema Daktari #4, maana hapa ndipo watu wenye nia njema wanapoharibu.

Usimsogelee kutokea nyuma. Pigo la mkia linavunja miguu na linaweza kuua. Nenda ubavuni, polepole, karibu na pezi la kifuani, akuone kwa jicho. Usisimame mbele ya tundu la pumzi wala usiiname juu yake: akitoa pumzi anatoa na makamasi, na humo mnaweza kuwa na bakteria wa brusela, na siku hizi hata homa ya ndege ya H5N1 imepatikana kwa wanyama hawa. Vaa barakoa na glavu. Mbwa wabaki mbali.

Mweke alale kifudifudi, mgongo juu. Chimba mashimo mawili chini ya mapezi ya kifuani ili yaning'inie bila kukunjwa. Chimba na mfereji kuuzunguka mwili, ujaze maji. Hili peke yake linapunguza uzito kifuani na kupoza mapezi kwa pamoja.

Funika mgongo kwa shuka nyepesi za rangi ya mwanga zilizoloa. Tundu la pumzi libaki wazi na shuka iishie nyuma yake, kiasi cha kiganja. Usilimwagie maji. Mwagilia kati ya pumzi na pumzi, ukianzia nyuma ya tundu kuelekea mkiani. Mapezi na mkia vipate maji zaidi kuliko kitu kingine chochote. Upepo ukiwa mkali na baridi, geuza mpango: mtengenezee kizuizi cha upepo na punguza maji.

Usimvute kwa mkia wala kwa pezi. Uti wa mgongo unateguka na bega linachomoka. Usimpe maji ya kunywa wala samaki. Usimpake mafuta ya jua.

Na kelele zipungue. Anayetaka kupiga picha apewe ndoo.

#6 Chunusi
Hiyo ya mwisho ichongwe kwenye jiwe.

#7 Nahodha_Mstaafu
Bi Mwambao kasema yote isipokuwa kuhesabu pumzi. Hesabu kwa dakika tano, siyo moja, kwa sababu wanabana pumzi kisha wanatoa mfululizo. Pomboo mdogo aliyetulia anavuta mara 2 hadi 5 kwa dakika. Akipita 10 yuko taabani. Nyangumi-rubani ni kama mara moja kwa dakika. Kila mnyama apewe mtu mmoja wa kuandika, na namba yake kwenye utepe uliofungwa kwenye pezi la mgongoni au alama ya chaki ya mifugo. Bila namba hutajua kama huyu aliyerudi jioni ndiye yule wa asubuhi.

#8 Pweza_Mweusi
Nahodha, utepe usiubane. Pezi likivimba unakata damu.

#9 Kusi_Mtulivu
Naona #2 umeleta pomboo wa Cape Cod ili kunishinda kwa nyangumi-rubani. Haya, twende Farewell Spit, New Zealand, Februari 2017. Zaidi ya nyangumi-rubani 400 walikwama, wengi walikuwa wameshakufa asubuhi walipokutwa. Waliobaki hai wakarudishwa majini, sehemu kubwa wakakwama tena, na siku iliyofuata kundi jingine la zaidi ya 200 likapanda mchanga ule ule. Cheynes Beach, Australia Magharibi, Julai 2023: karibu 100 walikusanyika kwanza kwenye maji ya kina kifupi wakashikana pamoja kama moyo, droni iliwaona, kisha wakapanda. Kufikia asubuhi 51 walikuwa wafu. Waliosalia wakasogezwa na wapiga mbizi na vyombo hadi kina kirefu, wakarudi ufukweni, ikabidi wauawe kwa huruma. Nguvu yote ile ya watu haikushinda mnyama mmoja anayeita.

#10 Pweza_Mweusi
Na Dunsborough, Aprili 2024, Australia Magharibi ile ile? Karibu 160 walikwama, 29 wakafa, zaidi ya 100 wakaondoka. Hakuna aliyengoja wote 160 wawe tayari. Waliokuwa kwenye kina kifupi walisindikizwa nje haraka na vyombo vikakaa nyuma yao kama ukuta.

#11 Mzee_wa_Bamvua
Wote wawili mnabishana juu ya wanyama, mwenye kauli ni maji. Angalia jedwali la kujaa na kupwa kabla hujagusa shuka.

Waliokwama maji yakipwa wakati wa maji mafu (siku ambazo maji hayajai sana) wana bahati: kila siku inayofuata maji yatapanda juu zaidi. Waliokwama kilele cha bamvua (siku ambazo maji yanajaa juu kabisa) wamekwisha, kwa sababu kesho maji hayatafika walipo, na keshokutwa ndiyo kabisa. Hao ni wa kubebwa au kuchimbiwa mfereji, hakuna cha kungoja. Toka maji kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kadhaa. Hiyo ndiyo bajeti yako ya kazi. Saa mbili kabla ya maji kuwafikia, kila mnyama awe amelazwa kifudifudi na kichwa kimeelekezwa baharini kama inawezekana.

Jambo la pili, giza. Uokoaji wa usiku kwenye mawimbi unaumiza watu. Maji yakijaa usiku wa manane, watu watoke majini, wasubiri ya mchana. Hata kama inauma.

#12 Mgeni_Bara
Shukrani Daktari. Sasa tani mbili mnaziinuaje bila kreni?

#13 Nahodha_Mstaafu
Kwa maboya ya hewa. Project Jonah wa New Zealand na wale wapiga mbizi wa uokoaji wa Uingereza, BDMLR, wanayatumia. Ni mkeka imara wa turubai na mirija miwili minene inayojazwa hewa, mmoja kila upande.

Kazi ngumu ni kupitisha mkeka chini yake. Unakunja nusu ya mkeka kama mkeka wa chumbani. Timu inamlaza mnyama kidogo upande wa kulia, wanasukuma ule mkunjo chini ya tumbo kushoto hadi ugote. Wanamrudisha taratibu, wanamlaza kidogo kushoto, wanauchomoa mkunjo upande wa pili na kuukunjua. Pezi la chini lazima libanwe ubavuni kabla ya kumgeuza, la sivyo linavunjika. Mkeka uanzie nyuma ya taya na usifike kwenye mkia, maana mkia ukibanwa anapigana. Kisha mirija inafungwa na kujazwa kwa chupa ya mpiga mbizi maji yanapoanza kupanda. Ukijaza mapema kwenye mchanga mkavu unapata baluni mbili na mnyama yuko pale pale.

Kinachoharibika sana: mchanga kwenye valvu, na mrija mmoja kujaa kabla ya mwingine, anabinuka na tundu la pumzi linaingia majini. Jazeni sawasawa.

#14 Chunusi
Macquarie Harbour, Tasmania, Septemba 2020, hawakutegemea sana maboya. Walikuwa karibu 470, wametapakaa kwenye mafungu ya mchanga ndani ya ghuba. Waliwatia mkanda mpana, wakawafunga ubavuni mwa boti, wakawatoa mmoja mmoja kupitia mlango mwembamba wa ghuba hadi bahari kuu. Wafanyakazi wa mashamba ya samaki walisaidia kwa vyombo. Takriban 110 wakaokolewa. MMOJA MMOJA, Kusi. Umesikia?

#15 Kusi_Mtulivu
Nimesikia, na walitolewa nje kabisa ya ghuba, mbali na sauti za wenzao. Hiyo inaniunga mkono. Kosa ni kumwachia pale pale.

#16 Bi_Mwambao
Na kabla ya kumwachia popote, atikiswe. Mshikeni kwenye maji ya kiunoni, kila upande watu wa kutosha, mumyumbishe kulia na kushoto polepole. Nusu saa, saa nzima, hata zaidi. Mnatafuta dalili tatu: anajinyoosha mwenyewe bila kuegemea, anajiinua kuvuta pumzi bila kusaidiwa, na mkia unasukuma kwa mpigo ulio sawa. Akiwa bado anaangukia upande mmoja, msimwachie hata kama wa jirani kashaondoka. Mama na ndama waondoke pamoja. Ndama asiyekuwa na mama na bado ananyonya haendi kuishi.

#17 Mgeni_Bara
Lakini kwa nini wanakwama? Nimesikia ni manowari.

#18 Chunusi
Ni sona za kijeshi, mitambo inayopiga milio mikali majini kutafuta manowari. Bahamas, Machi 2000: wanyama 17 walikwama wakati wa mazoezi ya wanamaji wa Marekani, wengi nyangumi-mdomo (beaked whales), na serikali yenyewe ikakubali sona ilihusika. Visiwa vya Canary, Septemba 2002: nyangumi-mdomo 14, ndani ya viungo vyao mlikutwa vipuli vya gesi, kama mpiga mbizi aliyepanda haraka. Hispania ikapiga marufuku sona hizo kuzunguka visiwa hivyo 2004, na mikwamo ya namna ile ikakoma. Mnataka ushahidi gani tena?

#19 Mzee_wa_Bamvua
Chunusi, visiwa vya Chatham 1918: nyangumi kama 1,000. Sona ipi ilikuwepo? Tazama umbo la ufukwe. Farewell Spit ni mkono wa mchanga wa zaidi ya kilomita 25 uliopinda kama ndoana, na maji yakipwa yanarudi nyuma kilomita kadhaa. Mteremko wa mchanga laini hauakisi mlio wa nyangumi vizuri, anasikia kama mbele kuna bahari wazi. Macquarie Harbour: tarehe 21 Septemba 2020, na tarehe ile ile 2022 wengine kama 230 jirani tu na pale. Cape Cod nako ni ndoana. Mahali ni pale pale kwa karne, watu ndio wanabadilika.

#20 Nahodha_Mstaafu
Mahali kunaeleza wapi, hakuelezi lini. Wanajielekeza kwa sumaku ya dunia. Utafiti wa Uingereza miaka ya 1980 uliona waliokwama hai wanaangukia pale ambapo mistari dhaifu ya sumaku inakata pwani. Spemaseti (nyangumi wakubwa wenye meno, sperm whales) 30 hivi waliokufa Bahari ya Kaskazini mapema 2016, kuna wanaowahusisha na dhoruba za jua za wiki za nyuma.

#21 Pweza_Mweusi
Nahodha, malizia hadithi. Uchunguzi wa namna hiyo ulirudiwa New Zealand miaka ya 1990, pwani yenye mikwamo mingi kuliko karibu popote, na uhusiano huo haukuonekana. Na spemaseti wakiingia Bahari ya Kaskazini wanafuata ngisi, kisha wanajikuta kwenye sakafu inayopungua kina kuelekea kusini. Hawahitaji jua kupotea.

#22 Daktari_wa_Mifupa
Mnapanga spishi zote kwenye mstari mmoja. Nyangumi-mdomo wa kina kirefu anayekwama baada ya sona siyo sawa na nyangumi-rubani wa mchangani. Kuna sababu ya mgonjwa mmoja kuvuta kundi: Tolsta, Scotland, Julai 2023, nyangumi-rubani 55, na jike mmoja alionekana kama alikuwa na uzazi uliokwama. Kuna morbilivirusi (virusi vya jamii ya surua), minyoo ya masikioni, sumu za mwani.

Ila ile dhana ya kwamba ni familia moja inamfuata bibi yao, DNA imeitikisa. Utafiti wa 2013 uliopima mamia ya nyangumi-rubani wa New Zealand na Tasmania ulikuta koo kadhaa za kike ndani ya mkwamo mmoja, na ndama wengi walikutwa mbali na mama zao, au mama hakuwemo kabisa kati ya waliopimwa. Yaani kabla ya kukwama kundi lilikuwa limeshavurugika.

#23 Chunusi
Limevurugwa na nini? Kelele! Madagaska 2008, ghuba ya Loza, nyangumi wa bahari kuu kama 100 waliingia kwenye mikoko. Jopo huru la wanasayansi likatoa ripoti 2013: kichocheo chenye uwezekano mkubwa ni kipimakina cha kHz 12 kilichokuwa kinachora sakafu ya bahari kwa ajili ya utafutaji mafuta. Siyo hata jeshi.

#24 Mzee_wa_Bamvua
Na Unguja kaskazini, Aprili 2006, pomboo kama 400? Sumu haikupatikana, matumbo karibu matupu. Wa sona wakasema sona, wa mchanga tukasema mchanga.

#25 Bi_Mwambao
Shekhe, mtakesha. Turudi kwenye lile ambalo hakuna anayetaka kuliandika: wasiookoleka. Arthur River, Tasmania, Februari 2025: wauaji bandia (false killer whales, aina ya pomboo wakubwa) 157, pwani ya mbali, mawimbi makali. Walijaribu kuwarudisha wachache, bahari ikawarudisha. Wakaamua kuwaua waliosalia. Watu walitukana sana mtandaoni, mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi.

#26 Daktari_wa_Mifupa
Naunga mkono. Dalili za kuacha kumrudisha: jicho halifumbi ukigusa pembe yake, taya limelegea, tundu la pumzi linabaki wazi baada ya kutoa hewa, damu mdomoni, joto limepita kiwango.

Namna ya kuua ni kazi ya daktari au afisa aliyefunzwa tu. Sindano ya pentobabitali inafaa kwa mdogo, lakini mzoga unakuwa sumu kwa ndege na mbwa, lazima uondolewe. Njia nyingine ni kumlaza usingizi kwanza kwa dawa, kisha kloridi ya potasiamu moyoni. Bila usingizi, hiyo ni mateso. Kwa wa ukubwa wa nyangumi-rubani New Zealand hutumia bunduki, mtu anayejua ubongo uko wapi hasa. Asiyejua anapiga mafuta na mfupa.

#27 Mgeni_Bara
Na mizoga? Si mnaweza kuilipua? Niliona video.

#28 Nahodha_Mstaafu
Oregon, Novemba 1970, nusu tani ya baruti. Mapande yaliruka hadi maegesho na kuponda gari, mzoga mwingi ukabaki pale pale. Na Tainan, Taiwan, Januari 2004, spemaseti wa tani zaidi ya 50 alipasuka mwenyewe kwa gesi akiwa juu ya lori katikati ya mtaa. Kwa hiyo mzoga uliovimba usipandwe wala usikatwe ovyo tumboni.

Njia ni tatu: kuzika juu ya alama ya maji makuu kwa katapila, kupeleka dampo, au kuvuta baharini. Ukivuta, fungeni mzoga na kifaa cha GPS na mpige hodi kwa mamlaka ya vyombo, maana unaelea wiki nzima na unaweza kurudi ufukwe wa jirani.

#29 Daktari_wa_Mifupa
Kabla ya kuzika, pima. Urefu kwa mstari ulionyooka, ncha ya taya la juu hadi kwenye pengo la mkia, siyo kwa kufuata mviringo wa mwili. Jinsia, picha za pande zote mbili, unene wa mafuta, yaliyomo tumboni, jino kwa ajili ya umri. Andika daraja la mzoga: 1 hai, 2 mbichi, 3 umeanza kuoza, 4 umeoza sana, 5 mifupa au ngozi kavu. Masikio yatolewe ndani ya saa 24, ikiwezekana mapema zaidi, yawekwe kwenye formalini. Chunusi akitaka kesi yake ya kelele isimame, ushahidi uko humo. Daraja la 3 likifika, umeshaukosa.

#30 Chunusi
Ndiyo maana kila mara wanasema sababu haikupatikana. Wanafika daraja la 4.

#31 Pweza_Mweusi
Kusi, hujajibu #11. Kundi limekwama kilele cha bamvua, lina wanyama 60, seti za maboya unazo sita. Bado unawangoja wote?

#32 Kusi_Mtulivu
Hapana. Nachagua kumi na mbili wenye pumzi nzuri walio karibu na maji, nawatoa sita sita kwa boti hadi nje ya sauti za wenzao, na boti mbili zinabaki huko kuwazuia wa kwanza wasirudi hadi wa pili wafike. Waliobaki wanapewa maji na kivuli mpaka daktari apite na kuamua nani anauawa kwanza.

#33 Pweza_Mweusi
Sita wa kwanza utawazuia saa ngapi? Kubadilisha seti sita za maboya ni saa mbili kwa timu nzuri, na boti ikikaa karibu nao muda huo wote nayo ni kelele.

#34 Mzee_wa_Bamvua
Na saa mbili baadaye maji yameshaanza kupwa. Sita wa pili hawapati kina.